KIBAYA CHAJITEMBEZA
Ujanja wa wauzaji na vitu visivyo vya lazima katika mitaa ya Nairobi

Mtu apitaye mtaa wa Kaloleni, Nairobi, siku za mwisho wa mwezi, ataona jambo lisiloonekana sana katikati ya mwezi. Mishahara imelipwa, nao wachuuzi wamekwisha pata habari. Huingia kwa upande wa barabara ya Jogoo, wengine wana mikoba, wengine wana maboksi kichwani, na wengine wamevaa tai na vitambulisho vyenye picha shingoni. Hupita mlango hata mlango baina ya zile nyumba fupi za mawe zenye mapaa ya vigae, wakipiga hodi kwa adabu nyingi. Mmoja auza sufuria, wa pili auza blanketi, wa tatu auza dawa ya magonjwa yote, na wa nne aleta simu ya kulipiwa polepole. Jioni wanapoondoka, mizigo yao imepungua, na mishahara ya watu imepungua pia.

Wahenga walisema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii haina maana kwamba kila mchuuzi ni mwongo. Wako wengi wanaotembeza bidhaa njema juani kutwa nzima, na kwa jasho hilo husomesha watoto. Lakini methali yamfundisha mnunuzi swali moja ambalo ni heri ajiulize kabla ya kufungua mkoba: "Je, kitu hiki nilikuwa nakihitaji kabla ya mtu huyu kupiga hodi?"

MTAA WA JAMAA

Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, na kazi kubwa ya ujenzi yasemekana ilifanywa na mateka wa vita wa Kitaliani. Kabla ya hapo Mwafrika aliyefanya kazi Nairobi alihesabiwa kuwa mgeni wa kupita. Alipewa kitanda katika chumba cha watu wengi, na mkewe na watoto walibaki mashambani. Kaloleni ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza ambamo karani au fundi aliweza kukaa na jamaa yake, penye ukumbi wa mikutano na uwanja wa watoto kucheza.

Mtu akaaye na jamaa yake ana mahitaji mengi kuliko mtu alalaye kitandani peke yake. Ataka meza na viti, vyombo vya kupikia, mapazia na mashuka. Kwa hiyo biashara ilizifuata nyumba. Katika miaka ya 1950 vitu vilivyotamaniwa vilikuwa baiskeli, redio, gramafoni na cherehani. Siku hizi ni televisheni, simu na makochi. Vitu vimebadilika, lakini tamaa ya moyo ni ile ile, na werevu wa kuichochea ni ule ule.

Hata desturi ya kulipa kidogo kidogo si mpya. Huko Marekani, mnamo mwaka 1856, kampuni ya Singer ilianza kuwapa watu cherehani kwa malipo ya kila mwezi, kwa sababu wengi hawakuweza kulipa bei yote mara moja. Cherehani hiyo ilikuwa chombo cha kazi, kikaweza kumlipa mwenyewe kwa nguo alizoshona. Jambo hilo lafaa kukumbukwa, kwani kukopa kwa ajili ya chombo cha kazi ni tofauti kabisa na kukopa kwa ajili ya pambo.

MANENO MATAMU MLANGONI

Mazungumzo yafuatayo ni mfano tu, lakini mama wengi wa mitaani watayatambua.

"Hodi hapa, mama."

"Karibu, kijana."

"Ahsante, mama. Mimi sikuja kuuza. Nimetumwa kutoa zawadi. Kampuni yetu yatimiza miaka kumi, nasi tumechagua nyumba tano tu katika mtaa huu. Pokea kikombe hiki, ni chako bure."

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Amina. Sasa, mama, tazama na sufuria hizi. Dukani bei yake ni shilingi 9,000. Lakini wewe uliyechaguliwa utalipa 4,500 peke yake."

"Ni nzuri. Lakini mzee hayupo. Ngoja arudi tushauriane."

"Mama, gari letu laondoka saa kumi, na kesho bei yarudi ile ile ya 9,000. Hata jirani yako wa mlango ule amekwisha chukua. Mzee akirudi atakusifu."

Mama yule aingia chumbani, atoa fedha zilizokuwa zimewekwa kwa karo ya mtoto, na kijana aandika risiti isiyo na anwani. Baada ya majuma mawili mikono ya sufuria imelegea, na sufuria zile zile zaonekana Gikomba kwa shilingi 2,500.

Katika maneno hayo machache mna mitego mitano, na kila mmoja wafaa kutazamwa peke yake.

Mtego wa kwanza ni zawadi. Mtu aliyepokea kitu bure huona haya kumrudisha mgeni mikono mitupu. Kikombe cha shilingi 50 chamfunga kwa haya mpaka atoe 4,500. Haya hiyo ni tabia njema ya malezi, na ndiyo sababu mwerevu huitumia.

Mtego wa pili ni kuchaguliwa. Kila mtu hupenda kuambiwa kwamba yeye ni mteule. Lakini nyumba tano zile zilizochaguliwa ni nyumba tano za kila mstari, na kesho zitakuwa nyumba tano za Makongeni, na kesho kutwa za Jericho.

Mtego wa tatu ni bei ya uongo. Shilingi 9,000 hazikuwahi kulipwa na mtu awaye yote. Ziliandikwa ili zifutwe. Hata katika maduka makubwa ya mjini huonekana kibandiko chenye bei iliyopigwa mstari na bei nyingine chini yake. Mnunuzi hufurahia kiasi "alichookoa", akasahau kuuliza kitu chenyewe chastahili kiasi gani.

Mtego wa nne ni haraka. Bidhaa njema haina sababu ya kukimbia. Muuzaji asemaye "leo tu" aogopa mambo mawili: mnunuzi asije akalala akafikiri, na asije akapita duka la pili akalinganisha.

Mtego wa tano ni jirani. Mara nyingi jirani yule hakununua kitu, na huko mlangoni kwake aliambiwa vivyo hivyo juu ya nyumba hii. Hatua ishirini za kwenda kumwuliza zingaliokoa karo ya mtoto.

WASHINDI WA PATA POTEA

Karibu na vituo vya mabasi na masoko ya Nairobi, kwa miaka mingi, pameonekana mchezo wa karata tatu uitwao pata potea. Mwenye karata huzigeuza upesi, na mchezaji hutakiwa kuonyesha ile moja iliyoitwa. Mgeni atokaye shamba asimama, aona mtu ashinda shilingi elfu, na mwingine tena ashinda. Aona mwenyewe kwa macho yake karata ilipo. Hutia fedha zake, na papo hapo karata haipo.

Siri ni kwamba wale walioshinda ni washirika wa mwenye karata. Mtazamaji pekee katika kundi lote ni yule mgeni. Wengine wote wamo kazini.

Siku hizi mchezo huo umeingia katika simu. Mtu hupigiwa akaambiwa kwamba ameshinda zawadi kubwa, ila kwanza atume shilingi kadhaa za "kuandikisha". Au huona tangazo la bidhaa kwa bei ya ajabu, na chini yake watu kumi wanashukuru kwamba walipokea mizigo yao salama. Wale kumi ni jamaa za wale wa karata tatu. Kanuni ni moja: mtu aliyeshinda kweli haombwi kulipa ili apewe ushindi wake, na shukrani za watu usiowajua si ushahidi.

KULIPA POLEPOLE

Katika malipo ya polepole hapana uongo kila mara. Mara nyingi yote yameandikwa, ila kwa namna ambayo mnunuzi aona shilingi za leo tu asione za mwaka mzima.

Chukua mfano. Simu yauzwa shilingi 8,000 kwa fedha taslimu. Mchuuzi asema, "Toa 1,500 leo, kisha 50 tu kila siku." Shilingi 50 ni kama bei ya chai na andazi, hakuna anayeziogopa. Lakini malipo ni ya siku 270. Hamsini mara 270 ni 13,500. Ongeza 1,500 za kwanza, jumla ni 15,000. Tofauti ni 7,000, karibu bei ya simu ya pili. Tena simu nyingi za namna hii hufungwa kwa mbali siku malipo yanapokosekana, hata kama yamebaki machache.

Haifai kusema kwamba mtu asinunue hivyo kamwe. Fundi apataye kazi kwa simu aweza kuona faida yake. Lakini na afanye hesabu kwa kalamu, si kwa kichwa, kabla ya kutia kidole au sahihi. Maswali ni matatu: bei ya taslimu ni kiasi gani, jumla ya malipo yote ni kiasi gani, na nikikosa kulipa yatanipata nini? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo kwa maandishi hastahili fedha ya mtu.

KIPIMO KIDOGO, BEI KUBWA

Ziko pia hasara ambazo hazina mwizi. Dukani mafuta ya kupikia hupimwa kwa shilingi ishirini ishirini, sukari kwa vifuko na sabuni kwa vipande. Watu huita biashara hii ya kadogo. Ikiwa lita moja ya mafuta ni shilingi 300, na kipimo cha mililita 50 ni shilingi 20, basi aliyenunua vipimo ishirini amenunua lita ile ile kwa 400. Maskini amelipa zaidi kuliko tajiri kwa mafuta yale yale.

Mtu wa kibarua apataye ujira wa siku hana uwezo wa lita nzima, na kumlaumu ni kumwonea. Lakini majirani wanne waweza kuchanga wakanunua kopo kubwa, wakagawana kwa kipimo kimoja mbele ya macho ya wote. Vyama vya akina mama vya mitaani vimefanya hivyo katika sufuria, viti na hata karo, na katika chakula yawezekana pia.

Tena kipimo chenyewe kitazamwe. Lile kopo la kupimia liitwalo gorogoro hupigwa likabonyea chini, nafaka ikaonekana imejaa na kumbe imepunguka. Mizani ya biashara yatakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri kila mwaka kwa Sheria ya Vipimo na Mizani. Mnunuzi ana haki ya kuomba kuuona muhuri huo, na muuzaji mwaminifu hatakasirika.

MADHARA YA MWILI NA YA SHAMBA

Hasara ya sufuria ni fedha tu. Iko hasara iliyo kubwa zaidi. Kwa miaka mingi sabuni na krimu za kuchubua ngozi zimeuzwa kwa matangazo yasemayo kwamba weupe ndio urembo na maendeleo. Baadhi yake zilitiwa zebaki, nayo zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo na mishipa ya fahamu. Mkataba wa Minamata uliopatanwa na mataifa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza na kupeleka nchi nyingine vipodozi vingi vilivyotiwa zebaki. Hata hivyo vyaendelea kupitishwa kwa siri. Hapa mnunuzi ameuziwa kwanza aibu ya rangi aliyopewa na Mungu, kisha akauziwa dawa ya aibu hiyo.

Na karani wa Kaloleni mara nyingi ana shamba kwao. Hununua mbegu na mbolea mjini, akazituma kwa basi kwa mama yake au kwa ndugu yake. Mbegu za bandia ni uongo mbaya kupita mwingine, kwa sababu hautambulikani siku ya kununua. Hutambulikana baada ya mvua, wakati msimu umekwisha pita. Mwaka 2024 nchi nzima ya Kenya ilishtuka ilipogunduliwa kwamba wakulima wameuziwa mifuko ya mbolea isiyofaa, hata kupitia mpango wa ruzuku wa Serikali, na Serikali ikaahidi kuwalipa fidia. Ikiwa mambo hayo yaweza kutokea katika ghala kubwa, yaweza kutokea zaidi katika kibanda cha njiani. Pakiti za mbegu zilizoidhinishwa hubandikwa kibandiko cha kukwaruza, chenye nambari za kutuma kwa simu ili kuthibitisha. Kazi hiyo ni ya dakika moja, na msimu ni wa miezi sita.

KUNUNUA KWA MACHO YA WENGINE

Yafaa pia kusema wazi kwamba si kila hasara yatoka kwa mchuuzi. Wako watu ambao hakuna aliyewadanganya. Mtu amwona jirani yake ana kochi jipya, basi lake lililo zima kabisa laonekana kuukuu. Mwingine abadili simu kwa sababu ofisini wenzake wamebadili. Mwingine afanya karamu kubwa, na kesho yake akopa nauli. Mwandishi wa Kimarekani, Vance Packard, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1957 jinsi watengenezaji wa matangazo walivyowatumia wataalamu wa mambo ya akili ili kujua siri za mioyo ya wanunuzi. Waligundua kwamba mtu hanunui kitu peke yake. Hununua pia sifa, mapenzi na heshima anayodhani itakuja na kitu hicho.

Lakini heshima ya mtu mtaani haitoki katika kochi. Hutoka katika kodi iliyolipwa kwa wakati, watoto waliomo shuleni, na mlango usiobishwa na wadai. Dawa ya deni ni kulipa, na dawa iliyo bora kuliko hiyo ni kutolifanya pasipo haja.

SHERIA YASEMAJE

Mwaka 1948 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika. Deni la zaidi ya shilingi 200 ambalo Mwafrika alikopeshwa na mfanyabiashara wa taifa jingine halikuweza kudaiwa mahakamani, ila limeandikwa na kushuhudiwa na afisa wa Serikali. Ilisemwa kwamba yamlinda Mwafrika asizame katika madeni. Lakini wenye maduka wa Kiafrika waliilalamikia, kwani iliwanyima bidhaa za mkopo ambazo wenzao wa mataifa mengine walizipata kwa neno tu. Ilimlinda mtu kwa kumfanya mtoto. Sheria hiyo ilikwisha futwa zamani.

Sheria zilizokuja baada ya Uhuru zimefuata njia nyingine, ya kumpa mnunuzi habari na haki. Sheria ya ununuzi wa malipo ya polepole ya mwaka 1968 yataka mapatano yaandikwe na kusajiliwa, na mnunuzi aambiwe bei ya taslimu kwanza. Tena, katika mapatano yaliyo chini ya sheria hiyo, mnunuzi akiisha kulipa theluthi mbili za bei, muuzaji hana ruhusa ya kuja kukibeba kitu kwa nguvu. Ni lazima aende mahakamani.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa kila mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, kupewa habari anazohitaji, kulindwa afya na mali yake, na kulipwa fidia akidhurika na bidhaa mbovu. Sheria ya Kumlinda Mnunuzi ya mwaka 2012 yakataza maneno ya uongo juu ya ubora, bei au asili ya kitu. Na wakopeshaji wa kwenye simu waliwekwa chini ya Benki Kuu kwa sheria ya mwaka 2021.

Wengi huuliza, "Nitaipataje haki hiyo, nami sina fedha za wakili?" Jibu ni Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ilipitishwa mwaka 2016, na mahakama ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi wa Aprili 2021. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu aweza kujisemea mwenyewe pasipo wakili, na kesi yatakiwa kumalizika katika siku sitini. Lakini mahakama haiwezi kumsaidia mtu asiye na karatasi. Risiti yenye jina na anwani ya muuzaji ndiyo shahidi wa kwanza.

YALIYO WAJIBU WA MNUNUZI

Sheria hata ikiwa njema, haiwezi kukaa mlangoni pa kila nyumba. Mlinzi wa mlango ni mwenyewe, naye asiwe peke yake. Inafaa mume na mke wapatane kwamba kitu chochote kilicho juu ya kiasi fulani, tuseme shilingi 1,000, hakinunuliwi siku ile ile kilipoonekana. Mchuuzi akiambiwa, "Njoo kesho, sisi hapa hushauriana," yule mkweli atarudi, na mwongo hatarudi. Kwa neno hilo moja wamekwisha pimwa wote wawili.

Pia na liwepo daftari nyumbani, hata la kurasa chache. Upande mmoja yaandikwe yaliyoingia, upande wa pili yaliyotoka, hata shilingi kumi ya peremende. Mwisho wa mwezi wa kwanza wengi watashangaa kuona fedha zao zilikopita, na katika mwezi wa pili watajua pa kuziba. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Tena mtu aliyedanganywa asinyamaze kwa aibu. Ukimya wake ndio unaompa mdanganyifu nafasi ya kupiga hodi nyumba ya pili. Na atangaze kwa majirani, apeleke habari kwa mzee wa mtaa na kwa polisi, na atunze jina, nambari ya simu na risiti. Zamani wakazi wa Kaloleni walikusanyika katika ukumbi wao kuzungumzia mambo makubwa ya nchi. Wizi wa karo ya mtoto, hata ukifanywa kwa tabasamu na zawadi ya kikombe, si jambo dogo la kunyamaziwa.